Vidonge vya Kutochoka

Kama unasoma haya huku mguu wako unatikisika chini ya meza na huwezi kuuzuia, uache utikisike. Wangu nao unatikisika ninapoandika, ingawa si kwa nguvu ya zamani. Naandika kwa ajili yako wewe uliyeandikiwa dawa na daktari, kwa cheti, kwa nia njema, kisha ukashindwa kuiacha. Mlevi wa gongo anajulikana mtaa mzima, ana wa kumsema na wa kumwombea. Sisi wa vidonge vya hospitali hatuna hata jina, watu wanatuita wachapakazi na kutupigia makofi.

Mimi ni mpambaji wa kumbi. Harusi, sendofu, kipaimara, hata ubatizo ukiniita nakuja. Naishi Kihonda, Morogoro Mjini, na mume wangu, mwalimu wa sekondari kutoka Dodoma, mtu wa maneno machache. Tuna binti mmoja, Agatha. Nilinenepa baada ya kumzaa na unene ukakataa kutoka, magoti yakaanza kuuma, nikaenda kwa daktari mmoja akaniandikia vidonge vya kupunguza mwili. Akasema ni vya muda mfupi. Hakusema kwamba vidonge vile, mbali ya kuondoa njaa, vinamwamsha mtu mwili mzima. Au labda alisema, nami nikasikia lile la kupungua tu.

Siku za mwanzo nilidhani Mungu amenijibu haraka kuliko nilivyoomba. Njaa ilikata. Usingizi ukawa kitu cha hiari. Nilipamba ukumbi wa Ijumaa, nikaubomoa, nikapamba wa Jumamosi, na Jumapili nilikuwa kwaya, nikiimba kwa sauti kubwa kuliko mwalimu wa kwaya alivyotaka. Kamati za harusi ziligombania namba yangu. Mume wangu naye alifurahi, maana nyumba iling'aa na mkewe alikuwa na maneno matamu. Cheti kilipoisha nilikwenda kwa daktari mwingine nikajieleza upya, na baadaye nikayajua maduka ya dawa ambayo hayaulizi.

Kisha mwili ukaanza kudai chake. Nguo ziliningʼinia. Nywele zilitoka na kitana. Kinywa kilikauka hadi ulimi ukanata, na taya zilisaga zenyewe mpaka jino likavunjika nikila ugali, tena ugali laini. Moyo ulidunda nimekaa, kana kwamba nimepanda mlima wa Bigwa kwa mguu. Majirani walianza kuninongʼona, wakidhani nina ule ugonjwa ambao watu hawautaji. Nilikufa na tai shingoni: nilipaka wanja, nikavaa kitenge cha kung'aa, nikaenda kupamba. Dozi moja ikawa haitoshi.

Aliyeumia zaidi hakuwa mimi. Siku ya komunyo ya kwanza ya Agatha niliona upindo wa gauni lake jeupe umepinda. Haukuwa umepinda. Nilimsimamisha nje ya kanisa, nikafumua, nikashona, nikafumua tena, sindano ikimchoma mguuni, wenzake wakiingia kwa maandamano na mishumaa yao. Aliingia peke yake nyuma ya wote, uzi ukiburuzika. Hakulia. Tangu siku hiyo alianza kunitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani asiyefungwa, na nikiingia chumbani yeye alitoka.

Siri yangu ilitoka matangani. Ilikuwa mwisho wa masika, bibi mmoja wa ukoo wetu amefariki huko Mgeta, milimani, ambako ndiko nyumbani kwa mama yangu. Kwetu Waluguru kila ukoo una watani wake, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Anaweza kulala kaburini kabla ya maiti na kukataa kutoka. Anaweza kuvaa nguo za marehemu akatembea kama yeye, akakoroma kama yeye, akadai chai kama yeye. Wewe uliyefiwa huruhusiwi kukasirika, unacheka huku unalia, na ndiyo dawa yenyewe.

Mtani wetu ni Bi Tekla, mama mnene mwenye sauti ya kengele. Alipomaliza kumwigiza marehemu aligeukia walio hai. Alichukua kitenge changu cha kijani kwenye kamba, akajifunga, akaingia uwanjani kwa hatua za mbiombio.

"Jamani, nani amekipinda kiti hiki?" alipiga kelele. "Marehemu atapitaje hapa na kiti kimepinda? Nyie mnaolia, lieni kwa mstari! Na huu mlima, nani kauweka huku? Usogezeni kidogo upande wa Matombo!"

Watu walicheka hadi wakashikana. Alipanga na kupangua sahani, akasaga taya, akafuta meza isiyokuwepo. Mimi nilicheka pia, lakini mikono yangu ilikuwa inakunja kanga ya mtu aliyekaa mbele yangu, na sijui nilianza lini.

Ndipo Agatha akasimama. Alikuwa amechangamka, amesahau kuniogopa, kama watoto wanavyosahau pakiwa na kicheko.

"Siyo hivyo, bibi," alimwambia Bi Tekla. "Umeruka. Kwanza anageukia ukuta."

Akaenda kwenye ukuta wa nyumba, akatupa mgongo, akaweka vidole mdomoni, akarusha kichwa nyuma, akafuta midomo. Halafu akageuka na kupiga makofi. "Haya, twende, twende, twende!" Ilikuwa sauti yangu hasa.

Kicheko kilikatika. Mume wangu, aliyekuwa kwenye kundi la wanaume, aliinua uso akanitazama, na nikaona anahesabu mambo kichwani moja baada ya jingine. Bi Tekla alifungua kile kitenge taratibu, akakikunja, akaniletea.

"Utani wangu umeishia hapa," alisema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. "Hili si la watani. Hili ni la wajomba."

Asiyekuwa Mluguru huenda asielewe uzito wa neno hilo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Wangu ni Mjomba Pius, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, mkulima wa karoti na njegere, mtu ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Matanga yalipoanuliwa alituita ndani. Aliniuliza ni vidonge gani, nikamwambia. Aliniuliza naweza kuviacha, nikasema hata kesho. Akasema Agatha atabaki pale kwa bibi yake, mama yangu, na atasoma shule ya pale.

"Mjomba," mume wangu alisema, "kwetu Ugogo mtoto ni wa baba."

"Huko Ugogo, sawa. Hapa umepanda mlima, mkwe wangu."

"Basi mpaka lini?"

"Mama yake akitulia, atamchukua. Sisi si wezi."

"Nitatulia," nilisema.

"Haya, anza kwa kukaa," alisema Mjomba Pius.

Ndipo nikajua kwamba kikao kizima nilikuwa nimesimama. Nilikaa. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimesimama tena, na hakuna aliyenicheka. Tuliondoka, Agatha akatupungia mkono akiwa nyuma ya bibi yake. Mkono wake ulimpungia baba.

Hapo nilifanya ujinga ambao nakuomba usiufanye: nilirudi Kihonda nikamwaga vidonge vyote chooni siku ileile, bila kumwona daktari. Nilijiambia mimi ni mtu wa kazi, hii nayo ni kazi, nitaimaliza.

Nililala. Si usingizi ninaoujua, ilikuwa ni kudidimia. Mume wangu aliniwekea kiganja puani mara kwa mara kuona kama napumua. Niliamka nikala wali kwenye sufuria, nimesimama, kwa mkono, nikarudi kulala na punje shavuni. Niliota ndoto zenye rangi kali, za kumbi zisizoisha. Shemeji mmoja alisema ni malaria. Mama wa jumuiya alisema ni mimba, akaniletea udongo wa kula. Nilikula na udongo.

Usingizi ulipokwisha, ugonjwa wenyewe ndio ukaja. Sikuwa na nguvu ya kufanya lolote na sikuweza kutulia. Nielewe hapo, maana asiyepitia atakwambia haya mawili hayakai pamoja. Nilikaa, nikainuka, nikalala, nikainuka. Nilihamisha kabati la vyombo nikaishia kulia katikati ya chumba, kabati limeziba mlango. Chakula hakikuwa na ladha, wala wimbo, wala habari njema. Uso ulivimba, mwili ule niliouondoa ukaanza kurudi kwa kasi kama mtu aliyesahau mzigo. Kilichobaki kikali ni ulimi, nao niliutumia kwa aliyekuwa karibu.

"Nenda kwenu Dodoma!" nilimpigia mume wangu kelele siku moja.

"Nitakwenda likizo," alisema. "Kwa sasa kunywa uji."

Kuna asubuhi nilitamani nisiwepo duniani. Nalisema wazi, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa na kwamba hupita. Nilimwambia mume wangu. Hakutoa hotuba. Alivaa viatu, akanivalisha vyangu, akanipeleka hospitali.

Kliniki ya afya ya akili ina benchi refu la mbao barazani, na anayepita kwenda maabara lazima akuone. Nilijifunika kanga hadi puani. Aliyekaa kando yangu naye alikuwa amejifunika. Tukatazamana macho, tukatambuana: ni mama wa bibi harusi niliyempambia ukumbi kabla ya masika.

"Nimekuja kumwona mgonjwa," alisema.

"Na mimi hivyohivyo," nilisema.

Tulikaa pale, kila mtu na mgonjwa wake wa kubuni, mpaka muuguzi akatoka na kutuita wote wawili kwa majina kamili. Tulicheka hadi kanga zikaanguka. Tangu hapo kila kliniki anayetangulia alimwekea mwenzake nafasi kwenye benchi, na sikuwahi kumuuliza anaumwa nini.

Daktari alinisikiliza, akanipima moyo, akanipa dawa ya kunisaidia na siku ya kurudi. Lakini niliyeshikamana naye zaidi ni yule muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia. Nilimwambia nimeshaapa sitagusa tena.

"Viapo peleka kanisani," alisema. "Kwangu njoo kliniki ijayo. Hata ukiwa umemeza, njoo."

Nilichukia. Nilitaka kupewa siku ya kupona ili niiwahi.

Kipupwe kilipoanza daktari alisema nipumzike mbali na kumbi, nikapanda Mgeta kwa mama. Nilijua nitamwona Agatha kila siku, nikafikiri mambo yamekwisha. Mama yangu alikuwa na mpango wake. Aliniangalia nilivyokuwa nalala na kula, akatangaza kijijini kwamba mwanawe ni mwali. Zamani msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani muda mrefu, akalishwa, asionekane na watu, akatolewa amenawiri. Mimi nina mume na mikunjo machoni, lakini mama hakujali. Mwali hatembelewi wala haulizwi, basi. Majirani walicheka sana, na hakuna aliyebisha hodi.

Mama aliamini nikinenepa nimepona. Kila asubuhi aliushika mkono wangu juu ya kiwiko, akafinya, akaridhika. Hakuona, au hakutaka kuona, kwamba ndani ya huo mwili ulionawiri nilikuwa natembea kutoka ukuta hadi ukuta. Baridi ya Mgeta, ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda, na mimi natoka jasho. Nilichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Agatha ndiye aliyetumwa kuniletea uji. Aliweka kikombe kizingitini, akasema "Shikamoo mama," akaondoka kabla sijaitikia. Nilikuwa namsikia akicheka na bibi yake jikoni, na niliumia kwa kumwonea wivu mama yangu mwenyewe.

Huruma ya Mungu huja kwa vipande vidogo. Siku moja niliona njegere zina utamu. Njegere tu, za kuchemsha na chumvi. Niliacha kutafuna nikashangaa. Siku nyingine nilipiga miayo jua likizama, saa ambayo watu wote hupiga miayo, nikamwita mama aje aone. Mjomba Pius akaanza kunichukua shambani. Tuliosha karoti mtoni, yeye moja moja, mimi tatu tatu.

"Karoti hazikimbii," alisema.

"Najua, mjomba."

"Mikono yako haijui."

Nilitaka kumrushia karoti. Lakini niliosha, na Agatha alianza kuja kukaa jiwe la mbali, akitutazama.

Vuli ilipokaribia niliteremka mjini kwa ajili ya kliniki. Nilikuwa nimependeza, watu wakaniambia. Simu ikaita: harusi kubwa, ukumbi mkubwa, mpambaji wao amewaangusha, Jumamosi hiihii. Moyo wangu uliruka. Nilikubali. Ijumaa, mbele ya mahema na vitambaa vilivyofungwa nusu tu, mwili ukagoma, nikakaa juu ya turubai kama gunia. Haraka haraka haina baraka, nimeimbiwa tangu chekechea, na bado nilikwenda duka la dawa. Nilimeza kimoja, nikamaliza ukumbi ukiwa mzuri kuliko yote niliyowahi kupamba. Watu walipiga picha.

Jumapili nilipanda Mgeta na zawadi za keki. Nilikuwa nimejiosha, nimejipaka, nimejituliza. Agatha alinitazama nikishuka kwenye pikipiki. Alinitazama mikono, kisha kinywa.

"Umemeza," alisema.

Ningeweza kukataa. Mama yangu alikuwa amesimama pale, tayari kunitetea kwa unene wangu. Nikasema, "Ndiyo. Nimemeza."

Mjomba Pius alikuwa amepanga kikao siku hiyohiyo, kunirudishia mtoto, kwa kuwa mama alishampelekea sifa zangu. Hakukifuta. Tulikaa, na safari hii nilikaa kweli, maana kidonge kilikuwa kimeisha nguvu na nilikuwa nimechoka hadi mifupa. Akamwuliza Agatha mbele yetu wote anataka kwenda au kubaki. Mume wangu, aliyeitwa kwa ajili ya kikao, alikuwa ameinama.

"Nabaki kwa bibi," alisema Agatha. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekataa kuongezewa ugali.

Sijui jinsi ya kukueleza uchungu huo. Tuliteremka mlima mimi na mume wangu. Pale Msamvu, karibu na stendi, kuna duka la dawa ninalolijua, na nilipoliona mate yalijaa kinywani. Sababu yangu ya kuacha ilikuwa imenikataa, sasa naacha kwa ajili ya nani? Nilimshika mume wangu mkono nikamwambia, "Nitaingia mle. Nishike." Akanishika. Alinishika kama mtu anavyomshika mwizi, watu wakatuangalia, nikapita nikilia kwa sauti mchana kweupe. Kesho yake nilikuwa kwenye lile benchi.

"Nimemeza," nilimwambia muuguzi.

"Nimeona," alisema. "Sogea, kaa."

Mvua za vuli zilinyesha na mimi nikawa naenda kliniki. Sina hadithi ya kusisimua ya miezi hiyo. Kulikuwa na siku za kuwashwa ngozi, siku za kulala mchana, siku za kumwonea huruma mume wangu na siku za kumchukia. Nilikataa kamati nyingi za harusi, nikachukua kazi ndogo. Kila Jumapili ya pili nilipanda Mgeta, nikakaa barazani kwa mama, na sikumwomba Agatha kitu. Nikichoka nililala. Nikitetemeka alikuwa anaona.

Desemba shule zilipofungwa, Mjomba Pius alimleta mwenyewe Kihonda, na begi dogo.

"Amekuja kusalimia tu," alisema akiwa mlangoni. "Nitamfuata kabla ya Krismasi."

Agatha alikaa upande wa baba yake mezani. Alinifuata kwa macho nilipoingia jikoni, nilipotoka, nilipougeukia ukuta kuchukua mwiko. Sikumlaumu. Jumamosi moja nilikuwa na ubatizo wa kupamba, kazi ya meza chache. Nilipopanga meza ya mwisho goti likauma, nikawaambia wenye shughuli, "Mimi nimechoka, naenda nyumbani." Sikumbuki kama nimewahi kusema sentensi hiyo kabla ya siku ile. Kitambaa cha meza kuu kilikuwa kimelegea upande mmoja na nilikiacha kimelegea.

Nyumbani nilijitupa kwenye mkeka barazani na viatu vyangu. Agatha alitoka ndani, akasimama juu yangu.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Nimechoka tu."

"Umechoka?" aliuliza, kana kwamba nimemwambia nimeota pembe.

"Sana, mwanangu. Siwezi hata kuvua viatu."

Alichuchumaa akanivua kimoja, kisha cha pili, akavipanga ukutani. Akasita. Halafu akajilaza kando yangu, kichwa juu ya tumbo langu, tumbo lile nililopigana nalo vita miaka yote, na likamtosha kuwa mto. Sikuthubutu kusogeza kidole.

Simu yangu iliita ndani na mume wangu akaileta. Alikuwa Mjomba Pius, akitaka kujua aje lini kumchukua mtoto. Mume wangu aliniangalia, akamwangalia binti yetu, akampa yeye.

"Shikamoo babu," alisema Agatha, hajanyanyua kichwa. "Hapana, usinifuate. Niletee sare zangu za shule. Na kuku wangu, yule mweusi. Umfunge miguu asiumie."

Akasikiliza. Nilijua swali kabla hajalijibu, maana nililisikia likitoka kwenye simu kwa ile sauti ya taratibu ya mjomba: mama yako anafanya nini?

"Yupo," alisema Agatha. "Amelala."

Sikuwa nimelala. Nilifumba macho, nikajilaza vizuri zaidi, mtoto wangu asije akawa amesema uongo.